Kabla hujanunua hiyo chupa

Wete, Ijumaa baada ya Laasiri

Shoga yangu wa tangu skuli,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, mvua tu leo siku ya tatu haijatupa nafasi ya kuanika hata kanga. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Umenambia umepimwa sukari asubuhi hujala kitu, ikasoma 6.4 (milimoli kwa lita), na sasa kuna mtu anakuuzia vidonge vya berberini, ile dawa inayotolewa kwenye mimea, chupa elfu tisini, eti ukimaliza mbili umepona. Ndiyo maana nakuandikia leo leo. Tafadhali, hiyo chupa iache kwanza.

Mie mwaka juzi ilisoma 6.3. Nesi alinitoboa kidole, damu ikagoma kutoka, akawa ananikamua kama anakamua ndimu mpaka likapatikana tone. Namba ilipotoka nikamwambia mashine yake mbovu, kwani tangu jana usiku sijatia kitu mdomoni, sukari ingetoka wapi? Akavuta kiti akakaa karibu yangu. Akanambia sukari ile haikutoka kwenye chai, imetoka kwenye ini. Usiku tukilala ini ndilo linalotulisha, na karibu na alfajiri mwili huliamrisha lizidishe ili tuamke na nguvu. Kwa mtu mzima wa afya insulini, ile homoni ya kudhibiti sukari, hulizuia lisipitilize. Kwetu sisi insulini ipo, lakini mwili umeanza kutoisikiliza, basi ini linamwaga tu. Tangu siku ile nimeacha kuuliza "mbona sijala na imepanda?"

Na namba yako uielewe vizuri, isikutie hofu wala usiipuuze. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 mpaka 6.9 sukari imepanda lakini hujawa mgonjwa wa kisukari. Ugonjwa wenyewe ni 7.0 na kuendelea, na hapo pia hupimwa tena siku nyingine kabla hujaambiwa unao. Uko mlangoni, shoga, na mlangoni mtu anaweza kugeuka. Mie mama yangu hakuwahi kuambiwa mapema. Nilimuuguza kidonda cha mguu miezi saba, naijua harufu yake mpaka leo. Sitaki uijue.

Kuhusu dawa za chupa nakwambia kwa lililonipata. Wiki ile ile niliyopimwa nilinunua unga wa miti shamba, kopo halina hata mstari mmoja wa maandishi, muuzaji anaapa kuwa ni majani matupu. Siku ya nne, saa tisa mchana, nikaanza kutetemeka mikono, jasho jembamba, macho yanaingia kiza. Mwanangu akanipa maji ya sukari nikatulia. Nilipompelekea nesi kopo lile alinambia niache mara moja, kwani sehemu mbalimbali duniani zimeshakamatwa dawa za miti shamba ambazo ndani yake mmesagwa vidonge vya hospitali vya kushusha sukari, na mnunuzi hajui. Sijui changu kilikuwa na nini, ila sikurudia tena.

Hiyo berberini yako si uongo mtupu. Imechunguzwa na kuna waliopungua sukari. Lakini hugongana na dawa nyingine, na wewe unakunywa vidonge vya presha. Kabla hujakimeza hata kimoja, kichukue pamoja na vya presha umwoneshe daktari au mfamasia. Kromiamu nayo, yale madini yanayouzwa kama vidonge, wanaisifu sana. Daktari alinambia majibu ya uchunguzi wake yanapingana, pesa nikanunulie samaki. Nilichobaki nacho mie ni uwatu, huu huu tunaowapa wazazi. Kijiko kimoja cha mezani naroweka usiku, asubuhi nakunywa maji yake na punje zenyewe natafuna. Una utelezi unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mdalasini natia kwenye chai, lakini kwa sababu unaniwezesha kunywa chai bila sukari, siutegemei kama dawa. Na tumia magome ya kwetu, sio unga wa dukani usiojua umetoka wapi: iko aina ya mdalasini ambayo ukiizidisha kila siku inaumiza ini.

Sasa nije kwenye lililonishusha hasa, nalo ni jiko. Nilikaa na nesi tukahesabu chai yangu. Vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu: vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari, na hapo sijagusa halua wala kitumbua. Shirika hilo hilo la Afya linasema mtu akibaki chini ya gramu 25 ndiyo bora. Nilipunguza kijiko kimoja kila wiki mbili, na kufika mwezi wa pili chai ya sukari ikanishinda kunywa.

Wali sikuuacha, usije ukadanganywa kuwa lazima uuache. Nimebadilisha mpango wa sahani. Naanza na mchicha au bamia, kisha samaki na chooko, nakula mpaka roho imetua, halafu ndiyo wali, kiasi cha ngumi yangu. Chakula kile kile, lakini mboga na samaki vikitangulia, wanga unaingia polepole. Muhogo, mbatata na shelisheli navihesabu kama wali. Ukila kimoja, mwenzake asiwepo. Siku za kazi napika chukuchuku, nazi naiweka Ijumaa. Na boflo la asubuhi nimelibadilisha kwa mayai na kunde za kuchemsha.

Jambo la pili ni saa ya kula. Nilikuwa nakula saa nne usiku nikitoka kwenye tamthilia, kisha moja kwa moja kitandani. Sasa tunakula mara baada ya Magharibi, halafu mie na jirani yangu tunashuka barabarani robo saa, pole pole, na mabuibui yetu. Misuli ikitembea inajichotea sukari yenyewe. Mwanangu alinisomea uchunguzi mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 wa hali yetu hii. Kwa waliotakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, idadi ya walioingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 58, ukilinganisha na waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Kwa waliopewa metformini, vidonge vya hospitali vya kushusha sukari, idadi hiyo ilipungua kwa asilimia 31. Mie nilikuwa na kilo 78, nikapiga hesabu: kilo tano na nusu. Zilichukua miezi saba kutoka, na mwezi wa Ramadhani haukusonga hata nusu kilo kwa sababu ya kaimati za mama mkwe. Baada ya miezi mitatu ilisoma 5.9. Mwezi uliopita 5.6.

Basi fanya hivi, shoga. Rudi upime tena asubuhi wiki ijayo, baada ya kukaa muda wa saa nane bila chakula, maji matupu ruhusa. Waombe na kile kipimo kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), maana namba ya asubuhi moja hubadilika hata ukilala vibaya. Vidonge vya presha usiviache hata siku moja. Uwatu nimekufungia nusu kilo, nimempa shemeji yako anayepanda boti Jumatatu, mpokee bandarini. Ukishapima niandikie namba siku hiyo hiyo, hata kama si nzuri.

Wasalaam,
Shogayo