Breki za Trela Kuukuu la Boti Huharibika Likiwa Limeegeshwa

Wateja wengi wanaotuletea trela la boti lililokula miaka huanza kwa kusema kwamba breki zimekwisha na kwamba wanahitaji viatu vipya vya breki, yaani vipande vinavyosugua ili kusimamisha gurudumu. Tunapofungua drami, yaani kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu na kusuguliwa na viatu kwa ndani, mara nyingi tunakuta viatu vyenyewe bado ni vinene, ilhali springi zimekatika, kirekebishi cha nafasi kati ya viatu na drami kimeganda na pistoni za silinda ya gurudumu, zinazosukuma viatu, zimeshikwa na kutu. Breki za gari huisha kwa kutumika, lakini za trela la boti huisha kwa kuzamishwa majini, hasa maji ya chumvi, kisha kuachwa zimesimama kwa miezi kadhaa bila kuguswa.

Ubaya ni kwamba dereva hagundui. Matrela mengi ya aina hii yana breki za kusukumana: gari linapopunguza mwendo, trela huendelea kusukuma mbele kwa uzito wake, kichwa cha kuungia kikabonyea na kubana silinda kuu, nayo ikapeleka mafuta ya breki magurudumuni. Kanyagio la gari halijaunganishwa na mfumo huo, kwa hiyo mguu hauwezi kuhisi kwamba breki za trela zimelegea au zimekufa kabisa, mpaka siku ya mteremko mkali.

Tatizo linalotushughulisha kuliko yote ni gurudumu linalokamata na kukataa kuachia. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha silinda ya gurudumu, na baada ya wiki mbili mteja anarudi na malalamiko yale yale. Sisi hutafuta kwanza mahali presha ilipozuiliwa. Gurudumu likiwa limekamata, tunalegeza kiungo cha bomba la chuma kabla ya hozi ya mpira. Likiachia, kasoro iko juu, kwenye silinda kuu au kichwa cha kuungia ambacho hakijarudi mahali pake. Lisipoachia, tunafungua nipo ya kutolea hewa kwenye gurudumu, na likiachia hapo, hozi ndiyo mkosaji: mpira wake umevimba kwa ndani, mafuta yanapenya yakisukumwa kwa nguvu lakini yanashindwa kurudi. Ikiwa hata nipo haisaidii, basi ni kutu tu iliyoshika vyuma ndani ya drami.

Kuhusu matengenezo, msimamo wetu unaweza kuonekana wa gharama, lakini tunausimamia. Silinda yenye vishimo vya kutu ndani haisuguliwi, inatupwa. Bamba la nyuma linaloshikilia viatu na silinda likishaanza kutoboka, ni busara kununua seti nzima iliyokwisha kuunganishwa kuliko kuhangaika na springi moja moja, na kazi ifanyike pande zote mbili za ekseli ili trela lisivute upande mmoja. Drami hupimwa na kulinganishwa na kipenyo cha mwisho kilichochapwa juu yake. Mabomba ya chuma yaliyooza hubadilishwa kwa yale ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo huvumilia chumvi vizuri zaidi. Mteja anayetaka kuhamia breki za diski, zinazobana sahani badala ya drami, afahamu kwamba silinda kuu ya drami huwa na vali ya kubakiza presha kidogo, na vali hiyo isipoondolewa, diski zitakuwa zinasugua wakati wote.

Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hufyonza unyevu. DOT 3 mpya hustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishajaa unyevu kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 140. Kwa trela linalozamishwa, tunashauri yabadilishwe kila mwaka. Yasichanganywe kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

Baada ya safari ndefu, subiri vitovu, yaani sehemu za katikati ya magurudumu zenye beringi, vipoe kabla ya kuliingiza trela majini. Kitovu chenye joto kikizama ghafla, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji kupitia sili, na baadaye utaikuta grisi ya beringi imekuwa nyeupe kama maziwa. Kila linapotoka majini, suuza breki kwa maji yasiyo na chumvi, yaingie ndani ya drami yenyewe, kwa sababu kumwagia nje husafisha rangi tu. Ukiliegesha kwa muda mrefu, zuia magurudumu kwa vigingi na uache breki ya mkono ikiwa imeachiwa, la sivyo viatu vitagandana na drami.

Kipimo rahisi cha kujifanyia mwenyewe ni hiki: endesha kilomita chache huku ukisimama mara kwa mara, kisha sogeza mkono karibu na kila kitovu bila kukigusa. Kilicho moto kupita wenzake kinaburuta, au beringi yake ina kasoro. Kilicho baridi huenda hakifungi kabisa.

Unapotuletea trela, lilete bila boti ikiwezekana, na utueleze mara ya mwisho mafuta ya breki yalibadilishwa lini na kama linatumika kwenye maji ya chumvi.