Usiitoe Aristocrat Hiyo Kwanza

Kibokoni, Mombasa

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba huko Tanga nyote mu wazima. Sisi pia hatujambo.

Umeniuliza kama uitoe Aristocrat yako, ile mashine ya kunyolea ya Gillette iliyotengenezwa Uingereza, ili upewe mashine nyingine iliyogongwa tarehe ya 15 Novemba 1904, ambayo mwenyewe anaapa kuwa ni ya mwaka huo. Tarehe hiyo ni ya siku King Camp Gillette, mbunifu wa mashine hizi, alipopewa hataza (haki ya ubunifu wake) Marekani, na kampuni yake iliendelea kuigonga kwenye mashine zake kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo peke yake haithibitishi umri wa chochote. Huenda ni mashine nzuri, ila bei anayoitaka ni ya tarehe, si ya mashine.

Nakusihi usiharakishe, kwa sababu unajua yaliyonipata mimi kwa ile Fatboy, Gillette ya kurekebishwa kwa namba. Ina herufi F chini ya kichwa, yaani ni ya 1960, nami niliipata kwa mwenzetu wa Kongowea kwa kumpa Gillette aina ya Slim na, ili mizani ikae sawa, nikamwongezea Gillette aina ya Tech niliyokuwa nikinyolea kila Ijumaa. Slim hainiumi hata kidogo, kwani zilitengenezwa nyingi na mwenye subira huipata nyingine. Fatboy nayo inapendeza: ukizungusha pete ya shingoni kutoka 1 hadi 9 wembe unazidi kujitokeza, na ukizungusha kitako milango miwili ya juu inafunguka. Wageni huishangaa sana. Lakini kwa ndevu zangu hizi za kujikunja, Tech ndiyo iliyokuwa ikiniacha bila vipele shingoni, kwa kuwa wembe wake hujitokeza kidogo tu. Tena ni vipande vitatu tu vya kufungua, kusuuza na kukausha, jambo lenye faida kubwa katika hewa hii yetu ya chumvi, ambayo nikeli ikishachubuka huigeuza shaba ya chini yake kuwa kijani.

Nimeshanunua Tech nyingine, na kichwa chake hakina kasoro. Mpini wake, hata hivyo, ni mwembamba, ilhali ile yangu ilikuwa ya mpini mnene, na mkono wenye sabuni huitambua tofauti hiyo mara moja.

Kabla ya kukubali lolote, nitumie picha za mashine hiyo, kichwa na kitako. Na kwa kuwa mwenzetu yule amehamia huko kwenu, tafadhali ukipita kwake umuulize kama ile Tech bado anayo. Mwambie nitampa Gillette yangu aina ya Rocket pamoja na kisanduku chake, Fatboy asiitaje.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Abdalla