Ngazi huteleza fundi akishafika juu

Ndugu Mhariri,

Mafundi wengi wa rangi na umeme hukanyaga kipandio cha kwanza, wakaitikisa ngazi, wakiona imetulia wanapanda. Kipimo hicho ni cha hatari, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukuonyesha kwa nini.

Chukua ngazi ya mita 5, kilo 20, fundi wa kilo 70, miguu ya ngazi ikiwa mita 2.5 kutoka ukutani. Kichwa cha ngazi kitagusa ukuta kwenye kimo cha mita 4.33. Tuseme ukuta ni laini usio na msuguano, unasukuma kwa mlalo tu, na uzito wa kila kilo ni nyutoni 10 (nyutoni ni kizio cha kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta). Egemeo, yaani nukta tunayopimia mzunguko, liwe miguuni, maana kani za sakafu hupita hapohapo na hazina momenti (momenti ni nguvu ya kuzungusha: uzito mara umbali wake wa mlalo kutoka kwenye egemeo).

Fundi akiwa amepanda mita 1 ya ngazi, yuko mita 0.5 kwa mlalo kutoka miguuni. Momenti yake ni 700 mara 0.5, yaani 350; ya ngazi, ambayo uzito wake uko katikati, ni 200 mara 1.25, yaani 250; jumla 600. Gawa kwa 4.33: ukuta unasukuma kwa nyutoni 139, na msuguano wa sakafu lazima uwe huohuo. Akifika mita 4, jumla ni 1,650 na msuguano unaotakiwa ni nyutoni 381. Uzito unaokandamiza sakafu ni 900 kama mwanzo! Uwiano wa msuguano unaotakiwa kwa uzito huo umetoka 0.15 hadi 0.42, na vigae vilivyolowa sabuni havitegemewi kufika huko. Ndiyo maana ngazi iliyotulia chini huchomoka fundi akishashika brashi juu.

Darasani kosa kubwa ni kuzidisha uzito wa fundi kwa mita 4 za ngazi badala ya mita 2 za mlalo. Walimu wenzangu, chora mstari wima kutoka kwa fundi hadi sakafuni kabla ya kugusa namba yoyote.

Tiba ni kusogeza miguu hadi mita 1.25 kutoka ukutani, yaani robo ya urefu wa ngazi. Uwiano unashuka hadi 0.19. Usiisogeze zaidi, kwani fundi akiegemea nyuma atapinduka nayo. Pasipo nafasi ya kuisogeza, msaidizi wa kilo 60 asimame kwa miguu yote miwili kwenye kipandio cha chini kabisa. Uzito wake unakandamiza sakafu ilhali momenti yake ni ndogo, kwa hiyo 0.42 inakuwa 0.27 hivi. Kuishika kwa mikono tu hakuongezi uzito huo.

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga