Barua kwa Mama Neema kabla ya Ramadhani yake ya kwanza

Tanga,
25 Januari 2026

Dada yangu mpendwa Mama Neema,

Asalaam alaykum. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale unapouliza utafungaje huku unatakiwa kazini saa moja na nusu asubuhi, watoto wanakusubiri jioni, na mama yako bado hajaridhia kusilimu kwako. Shaabani imeshaingia, nami sikutaka kukucheleweshea majibu.

Nianze na makosa yangu. Ramadhani yangu ya kwanza, ya mwaka 2024, niliifunga kama mtu aliyetakiwa kuthibitisha mbele ya watu kwamba amesilimu kweli. Nilikuwa nikitoka zamu ya asubuhi katika wodi ya wazazi, napika futari ya watu kumi ilhali nyumbani tuko wanne, nakwenda tarawehe, narudi nasoma mpaka usiku mkubwa, kisha usingizi unanipitia na daku siili. Siku ya tisa nilishikwa na kizunguzungu nikiwa nimembeba mtoto mchanga, na mwenzangu akawahi kumpokea kabla mikono yangu haijalegea. Alhamdulillahi, mtoto hakudhurika. Lakini nililia sana siku ile, kwa kuwa yule mtoto alikuwa amana mikononi mwangu, na mimi niliingia kazini tumbo tupu kwa uzembe ambao nilikuwa nikiuita ibada. Tangu hapo daku siiachi, hata ikiwa ni uji, tende na maji tu, na huila karibu na alfajiri kama tulivyofundishwa na Mtume (s.a.w.), si saa sita usiku kabla ya kulala.

Kuhusu zamu, sema mapema. Mwaka jana, kabla mwezi haujaandama, niliwaendea wenzangu Wakristo nikawaomba wanichukulie zamu za jioni kwa mwezi mzima, nami nikaahidi kufanya zao za Ijumaa Kuu na Pasaka, ambayo iliangukia tarehe 20 Aprili, wiki tatu hivi baada ya Idi. Walikubali bila kinyongo. Kwako wewe uliye ofisini, huenda ikatosha kuomba mapumziko ya mchana yasogezwe ili uwahi kutoka, maana huku kwetu magharibi huingia kama saa kumi na mbili na nusu, na foleni ya daladala haimngojei aliyefunga.

Sasa nije kwa mama, jambo ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi. Pasaka ya 2024 iliangukia tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Mama yangu, ambaye ni Mkatoliki tangu utoto wake Rombo na ambaye anaishi nami tangu baba wa watoto wangu afariki, alipika tangu alfajiri. Mimi niliomba zamu ya ziada ili nisiwepo. Niliporudi nikakuta chakula changu kimefunikwa mezani, naye ameshaingia kulala, na wanangu wakaniambia kwamba bibi hakula. Kufunga kwangu hakukumuudhi kamwe. Kilichomuumiza ni kukimbiwa. Baadaye ustadhi wetu alinisomea aya ya 15 ya Sura Luqman, inayotuamrisha kukaa na wazazi kwa wema hata pale tusipowafuata katika imani yao, nikaona kwamba sikuwa na udhuru wowote.

Mwaka 2025 nilibadilika. Kwaresma ya mama ilianza tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya kuanza Ramadhani yangu, na Ijumaa ambazo yeye hali nyama tulipika maharage ya nazi na mihogo, tukala sote. Sikumwomba asubiri adhana; alianza kusubiri mwenyewe. Na kwa kuwa huamka saa kumi usiku kusali rozari, yeye ndiye aliyekuwa akinigongea mlango nile daku.

Usihuzunike kwa siku ambazo sisi wanawake hatufungi. Zihesabu, ziandike, uzilipe taratibu baada ya Idi. Mimi nilidaiwa saba; nimelipa tano na mbili zilizobaki nitazimaliza wiki hii, inshallah. Miaka ya kabla hujasilimu hudaiwi chochote, na yeyote atakayekuambia vinginevyo mwelekeze kwa mwenye elimu. Tarawehe nayo ni sunna. Ukichoka, sali nyumbani na watoto wakikuona.

Mwaka huu Jumatano ya Majivu, siku ya kuanza Kwaresma, ni tarehe 18 Februari, na mwezi unatarajiwa kuandama siku hizo hizo, kwa hiyo mimi na mama tutaanza karibu pamoja. Anakusalimu sana, na ameomba namba ya simu ya mama yako ili wazungumze wenyewe kwa wenyewe, wazee kwa wazee. Ukiona inafaa, nitumie.

Wako akupendaye,
Mama Daudi