Wanangu wa kikoba, mwenzenu hakula pesa

Wanangu, assalaam alaykum.

Nilitaka haya tuyamalize wenyewe mkekani. Lakini mwenzenu amechafuliwa kwenye simu, Tanga nzima ikasikia, basi na mimi naandika wazi.

Mweka hazina wetu mmemwita mwizi. Sauti ya dakika mbili imetumwa usiku, kulipokucha imeshafika Makorora, Chumbageni, mpaka Pangani kwa wakwe zake. Nani kati yenu aliuliza? Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, naye si mmoja wao. Linafunguliwa mbele yetu sote na pesa zinahesabiwa kwa sauti. Aibe saa ngapi? Daftari lilipokaguliwa, ile shilingi 180,000 mnayodai kaila ilikutwa ukurasa wa mwanachama mwingine. Aliyeandika alikosea ukurasa, basi!

Juzi nimepita barazani kwake saa tatu asubuhi. Chano cha vitumbua kimejaa, kitambaa juu hakijaguswa. Vitumbua vya mama huyu, ambavyo saa moja na nusu unaambiwa vimekwisha, njoo kesho! Mwanawe hataki kwenda madrasa, wenzake wanamwimba. Nilivinunua vyote. Nilipofika nyumbani hata kimoja hakikunipita kooni.

Nanyi mnasoma. Suratul Hujurat, aya ya 6, inawataka mkiletewa habari na fasiki mchunguze kwanza, msije mkawadhuru watu bila kujua. Ambaye hilo halimtishi, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: kusambaza uongo kwa makusudi ili kumchafua mtu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili.

Lakini mji wetu nao una ugonjwa. Mwanamke akiezeka chumba kimoja tu, watu wanauliza kaiba wapi. Na sisi wazee tulisikia ile sauti tukanyamaza. Hilo nimemwomba radhi.

Deni lidaiwe kikaoni. Sauti usiyemjua mwenyewe usiitume mbele. Mwenye shaka aombe daftari.

Nawapenda, ndiyo maana nimekasirika. Jumamosi aliyetuma ile sauti atasimama aseme kwanza, mbele ya mwenzake, ndipo sanduku lifunguliwe. Kisha arekodi nyingine ya kumsafisha, aipeleke kote ilikofika ile ya kwanza, na Pangani ikiwemo.

Bibi yenu,
Ngamiani, Tanga