Wasaka mizimu wa Tanga, mwacheni mzee wa watu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji niseme na vijana wa hapa Tanga, akiwemo mpwa wangu, ambao usiku ukiingia wanabeba simu na tochi kwenda kusaka mizimu kwenye magofu ili warekodi video.

Sitabishana nao kama majini yapo. Mimi ni Muislamu, hilo kwangu halina mjadala. Ila nimekula jasho la uashi tangu ujana, na majumba ya kale nayajua kwa ndani.

Kuta za zamani za pwani hii ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mvua ikishapata njia kwenye paa, chokaa hulegea, na boriti za mikandaa huanza kuoza kwenye ncha, pale zilipozama ukutani, mahali ambapo hata ukimulika hupaoni. Ukiigonga boriti hiyo katikati, inalia ngumu kama mpya. Sasa mpande ghorofani usiku, kundi zima, mjikusanye kona moja mkisikiliza vishindo. Kishindo kitakachosikika kitakuwa chenu. Nendeni kwanza mchana, kwa idhini ya mwenye jumba, mkague sakafu na mjue kisima kilipo, maana visima vingi vya zamani havina ukingo na majani yameshavifunika. Ghorofani msipande. Na nyumbani aachwe mtu anayejua mko wapi na mtarudi saa ngapi.

Mpwa wangu aliniambia huwa wanaingia na jiko la mkaa wachemshe kahawa, na madirisha wanayaziba kwa makhanga ili mwanga usionekane nje. Nilishtuka. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba kuukuu, ikawa inasikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo. Chanzo kilikuwa tanuri bovu la kupashia nyumba joto, lililokuwa likivujisha hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Lilipotengenezwa, wageni wale hawakurudi tena. Hewa hiyo hiyo hutoka kwenye mkaa. Haina harufu, na ndani ya chumba kilichozibwa inaua kabla hujaona mzimu wowote.

Mapango ya Amboni nayo wanayatamani. Yana giza, yana popo, na watu hupeleka sadaka zao mle, kwa hiyo jina la mizimu halikuanza jana. Waingie kwa njia ya halali, na mwongozaji wa pale, wasichepuke kwenye vichochoro vya pembeni. Sisemi popo wa Amboni wana maradhi. Ninachosema ni kwamba mwaka 1980, na tena 1987, watu waliokuwa wametembelea Pango la Kitum, Mlima Elgon upande wa Kenya, waliugua Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, wakafa, na sisi wenyewe Marburg tuliiona Kagera mwaka 2023. Kinyesi cha popo si kitu cha kukipapasa ukitafuta njia.

Kule kwenye magofu ya Tongoni neno langu ni fupi. Yale ni makaburi ya watu, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda. Hakuna kukalia, kuchimba wala kubandua jiwe.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu si ukuta wala popo. Kundi hilo lilimkuta mzee mmoja usiku kwenye kaburi la wazee wake, ana chetezo cha ubani na kichupa cha marashi. Wakamrekodi kutoka nyuma ya mbuyu, uso unaonekana vizuri kabisa, wakaisambaza video na maneno "mchawi anaswa". Mzee yule namfahamu. Usiku uliofuata bati la nyumba yake lilipigwa mawe. Mkewe sasa anachota maji mapema mno, kabla watu hawajafika bombani.

Hivi vijana wetu hawajui nchi wanayoishi? Vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni? Zanzibar mwaka 1995, hofu ya popobawa, jini anayedaiwa kuvamia watu usiku, ilipotanda, mtu mwenye maradhi ya akili alidhaniwa ndiye, umati ukamuua. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamtia hatiani hata anayemsingizia mwenzake uchawi, na simu haimwondolei mtu kosa hilo.

Hatari yenyewe inaweza kuwageukia wao pia. Kundi la vijana wasiofahamika, wanaonong'ona nyuma ya nyumba za watu saa nane za usiku, litapigiwa kelele za mwizi kabla halijaulizwa jina. Wapitie kwa mwenyekiti wa mtaa, waeleze wanakwenda wapi na wako wangapi. Wakikuta mtu, wazime kamera, wasalimie, waondoke. Na nyumba anayoishi mtu haisakwi mizimu, hata kama mtaa mzima unasema ipo.

Mpwa wangu nimemtaka waifute video ile, kisha waende kwa mzee na watu wazima wawili, mchana, wamwombe radhi mbele ya majirani wale wale walioiona. Amenijibu, "Mjomba, imeshatazamwa sana." Hadi naandika barua hii bado haijafutwa.

Mwashi,
Ngamiani, Tanga