Kipandikizi kinachong'aa si lazima kiwe bora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nigusie jambo ambalo ndugu wa wagonjwa hapa Dodoma hulipita wanapojadili nyonga za bandia na vyuma vya kuungia mifupa. Mazungumzo huishia kwenye bei na nchi kilikotengenezwa kifaa, na wengi huamini kuwa kadiri chuma kinavyong'aa ndivyo kilivyo bora. Kwa titani inayokusudiwa kushikana na mfupa na kubaki mwilini, imani hiyo inapotosha.

Tangu Mswidi Per-Ingvar Brånemark alipobaini, katika miaka ya 1950, kuwa vifaa vya titani alivyoviweka katika mifupa ya sungura vimeng'ang'ania humo, imefahamika kwamba mfupa huikubali metali hii. Hata hivyo, seli haziigusi titani yenyewe. Juu yake kuna utando wa oksidi, yaani titani iliyoungana na oksijeni, wenye unene wa nanomita chache tu, ambao protini za damu huuwahi na kujibandika, na ni protini hizo ambazo seli zinazojenga mfupa hushikilia. Uso ukiwa laini sana, seli hutandaa na kuongezeka kwa wingi. Ukiwa na mabonde madogo, yaliyopatikana kwa kupigwa mchanga kisha kuoshwa kwa asidi, huongezeka polepole zaidi lakini hupevuka mapema na kuanza kutengeneza mfupa. Mparuzo unaopendelewa ni wa wastani wa mikromita 1 hadi 2, kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona na ambacho ni kidogo kuliko seli yenyewe.

Kuzidisha hakusaidii, kwani kwa jino la bandia lililopandikizwa kwenye taya, sehemu yenye mparuzo ikijitokeza kwenye fizi huwapa bakteria maficho. Vilevile, kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na kuwekewa bamba litakaloondolewa baadaye ananufaika likiwa laini, maana mfupa ukilishika sana daktari atapata taabu kulitoa. Nyonga inayogandishwa kwa saruji ya mifupa nayo ina hesabu zake, kwa kuwa hapo mfupa hukutana na saruji badala ya metali.

Kwa hiyo naziomba hospitali zetu, zinapomruhusu mgonjwa, ziandike katika karatasi yake aina ya metali, namna uso wake ulivyoandaliwa, na iwapo saruji ilitumika, ili daktari atakayemfungua tena miaka mingi baadaye ajue anachokwenda kukikuta.

Msomaji wako,
Kikuyu, Dodoma